Uraia wa familia na umri wa mtoto mmoja

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuliona tangazo lile. Hukaa chini ya ukurasa wa gazeti kwa herufi ndogo, baina ya tangazo la mnada na lile la hati ya kiwanja iliyopotea. Husema kuwa fulani, mkazi wa mahali fulani, ameomba kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi awe raia wa Tanzania kwa tajnisi, na kwamba mtu yeyote anayejua sababu ya kumfanya asipewe uraia huo aiandike, aitie saini na kuipeleka wizarani. Wengi wetu hulipita bila kulisoma. Mimi nimelipita kwa miaka mingi, mpaka ilipotokea kwamba mtu anayejua sababu ni mimi mwenyewe.

Nasomesha dini Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Hadi mwaka 2012 tulikuwa Karagwe, kabla wilaya haijagawanywa. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Tanga ambaye hajafika kwetu niseme tu kuwa ni nchi ya migomba na kahawa, na kwamba mtu wa huku anafika Uganda mapema kuliko anavyofika Bukoba. Kinyambo cha huku na Kinyankole cha ng'ambo ni kama mtu na ndugu yake. Watu wameoleana tangu kabla Wazungu hawajachora mipaka yao, na mpaka leo ukienda kwenye msiba utakuta nusu ya waombolezaji wamevuka.

Katika mazingira hayo ipo familia moja ambayo sitaitaja jina. Baba alikuja kutoka Ankole akiwa kijana, akafanya kibarua cha kuchuma kahawa, akanunua kipande cha shamba, akaoa kwao akamleta mke huku. Watoto watano. Wanne wamezaliwa hapa hapa. Wa kwanza peke yake alizaliwa ng'ambo, kwa sababu mama yake alifuata desturi ya mimba ya kwanza, akaenda kujifungulia kwa mama yake mzazi, na baada ya arobaini akarudi na mtoto mgongoni. Huyo ndiye kijana ninayetaka kumzungumzia.

Baba yake ni miongoni mwa wale ambao serikali huwaita walowezi, yaani watu waliohamia zamani bila karatasi na kukaa. Lilipokuja zoezi la kuwaandikisha walowezi mkoani Kagera alijitokeza, akaandikishwa, na baadaye akapata kibali cha ukaazi. Kuanzia hapo akaanza kuweka akiba ili aombe uraia, yeye na familia yake yote. Kahawa ina miaka yake, mwaka huu bei, mwaka ujao mvua. Siku alipokuwa tayari na fedha na fomu, mtoto wake wa kwanza alikuwa ametimiza miaka 18 na miezi mitano.

Miezi hiyo mitano ndiyo iliyowaleta kwangu baada ya Isha, baba, mama na kijana mwenyewe, wakaketi barazani kwa madrasa.

Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 ina njia kadhaa za kumfikisha mgeni kwenye uraia. Mtu mzima anayeomba kwa tajnisi anatakiwa awe ameishi nchini mwaka mmoja mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka isiyopungua saba katika kumi iliyotangulia. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, awe na mchango kwa nchi katika uchumi, elimu, sayansi au utamaduni, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Mke wa raia ana haki ya kuomba kwa sababu ya ndoa yake, kwa hiyo baba akishapata, mama ana mlango. (Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo. Kwa nini, sijapata kuelezwa nikaelewa.) Na mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 huombewa na mzazi wake.

Aliyetimiza 18 ni mtu mzima. Aombe mwenyewe, alipe ada yake mwenyewe, apite mwenyewe mbele ya viongozi wa kata, wilaya na mkoa, atangazwe gazetini kwa jina lake, kisha angoje. Na Waziri, kwa mujibu wa kifungu cha 23 cha sheria hiyo hiyo, halazimiki kutoa sababu ya kukubali wala ya kukataa, na uamuzi wake hauna rufaa mahakamani.

Wanasheria watanikumbusha kuwa kifungu cha 5 ukikisoma kwa maneno yake, karibu kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri tangu siku ya Muungano ni raia wa kuzaliwa, na kwa hiyo wale wadogo wanne hawahitaji kuombewa chochote. Nakubali kuwa maneno yanasema hivyo. Lakini maofisini huangaliwa kwanza wazazi ni raia wa wapi, na baba wa kijijini hawezi kuiweka rehani kesho ya watoto wake kwa ubishi wa kifungu. Akaamua kuwaombea wote. Ila wa kwanza hata ubishi huo hana, kwani alizaliwa ng'ambo.

Sasa ombi lao kwangu. Daftari la madrasa lina tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto. Kijana huyu nilimwandikisha mimi mwenyewe mwanzoni mwa mwaka 2013, mwaka wangu wa kwanza kusomesha hapa baada ya kutoka chuoni, akiwa na miaka sita, na tarehe niliinakili kutoka kadi ya kliniki aliyokuja nayo mama yake. Kadi ile imeshapotea. Shule ya msingi walimwandika mwaka tu, tena kwa kukadiria. Kwa hiyo karatasi pekee duniani inayosema siku aliyozaliwa ni daftari langu. Baba aliomba niandike barua ya utambulisho kwa familia nzima, na ndani ya barua hiyo kijana awe na miaka 17. Mwaka mmoja tu, Ustadhi, alisema. Nani ataumia?

Hebu tusimame hapa, maana ni rahisi mno kwa mwalimu wa dini kulijibu swali hili kabla halijaisha kuulizwa. Uongo haramu, ushahidi wa uongo haramu zaidi, funga daftari. Mimi pia nilitaka kujibu hivyo. Kilichonizuia ni kwamba hoja za yule mzee hazikuwa nyepesi.

Alisema kwanza kwamba familia ni moja. Nabii Yusuf (A.S.) alipopata makazi na cheo Misri hakumwita baba yake peke yake, aliwaagiza ndugu zake waje na watu wao wote (12:93). Hakuna aliyesimama mlangoni kuuliza nani amebaleghe. Iweje mimi, alisema, niapishwe kuwa Mtanzania pamoja na wadogo zake, halafu huyu aliyewabeba mgongoni abaki Mganda chini ya dari moja na sisi?

Akasema pia kwamba anayesema ukweli katika nchi hii ndiye anayesumbuka. Wapo majirani, na hapa hakutaja jina wala mimi sitataja, ambao baba zao walivuka kama yeye, wakasema wao ni Wanyambo wa tangu enzi, wakaandikiwa barua, na hadithi ikaishia hapo. Aliyejitokeza akajiandikisha mlowezi ndiye anayepangishwa foleni.

Hoja yake ya mwisho iliniingia zaidi, kwa sababu ilinihusu. Ndugu wasomaji wanakumbuka kuwa mwishoni mwa Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na kibali wiki mbili waondoke, na Septemba ya mwaka ule ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu waliondoka, na katika hao walikuwemo watu wa miaka mingi, wenye wake au waume Watanzania. Serikali ilikuwa na sababu zake, kwani ujambazi wa silaha katika mapori yetu haukuwa wa kutunga. Lakini usiku ule familia hii ililala ndani ya stoo ya madrasa, kati ya mikeka na vibao vya kuandikia, na mtu alipokuja kuniuliza kama kuna watu humo nilimjibu kuwa watoto wa madrasa wote wamekwenda makwao. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Nia yangu ilikuwa adanganyike, akadanganyika.

"Siku ile ulitusaidia," alisema mzee. "Leo kwa nini uogope miezi mitano?"

Tangu usiku huo nimekuwa nikijiuliza tofauti ya mambo haya mawili, na sijaridhika kwa urahisi. Wanazuoni wametuambia kuwa Mtume (S.A.W.) aliruhusu maneno yasiyo ya kweli katika mambo machache mno, kama ilivyopokewa na Ummu Kulthum binti Uqba: kusuluhisha watu, vitani, na baina ya mume na mke. Wakaongeza kwa kipimo cha dharura kuwa mwenye kumficha asiye na hatia mbele ya anayeweza kumdhuru hana lawama, bali huenda kusema kwake kweli ndiko kukawa dhambi. Usiku wa 2013 naweza kuujengea hoja hapo, ingawa wapo watakaoniambia kuwa amri ya serikali si dhuluma na kwamba nilipaswa kuwapeleka ofisini mchana kweupe. Huenda. Nilikuwa na miaka 24, na walikuwa watoto.

Barua ni jambo jingine. Kwanza hakuna anayefukuzwa. Baba ana kibali, na kijana anaweza kuomba kwa jina lake. Njia ipo, ila ni ndefu na ya gharama. Dharura haiitwi dharura mahali ambapo halali ipo wazi, hata kama halali hiyo inachosha. Pili, usiku ule sikuombwa ushahidi. Barua ni ushahidi, nimeombwa kwa sababu watu wanaamini daftari langu. Qur'an (4:135) inatuamrisha tusimame na uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili ya Allah hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa, awe ni tajiri au maskini. Na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea; alipofika kwenye ushahidi wa uongo akainuka akakaa, akalirudia mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze. Kwa nini ainuke kwa hili? Kwa sababu shahidi wa uongo hadhuru kesi moja tu. Nikiandika 17 kwa huyu, barua ya yatima wa kesho atakayehitaji daftari hilo hilo ili apate mirathi ya baba yake itakuwa na thamani gani?

Tatu, na hili nilimwambia mzee kwa kirefu maana aliuliza nani ataumia. Atakayeumia ni kijana. Sheria inamruhusu Waziri kumvua uraia mtu aliyeupata kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi. Haina maana kwamba atavuliwa kesho. Maana yake ni kwamba maisha yake yote yatakaa juu ya kitu ambacho mtu mmoja mwenye kinyongo anaweza kukivuta. Sisi watu wa Kagera tumeyaona. Februari 2001 serikali ilitangaza kuwa watu wanne si raia, akiwemo mwandishi Jenerali Ulimwengu, ambaye alishakuwa mkuu wa wilaya na mbunge, na Anatoli Amani, aliyekuwa mwenyekiti wa chama tawala mkoani kwetu. Hao hawakusemwa kuwa walighushi umri. Lilikuwa suala la asili ya wazazi wao, na liliibuka wakiwa watu wazima wenye majina makubwa, na baada ya hapo ikabidi waombe uraia kama mgeni yeyote. Ikiwa swali la zamani linaweza kumrudia mtu mwenye gazeti na mawakili, litamwachaje mtoto wa mchuma kahawa ambaye ndani ya faili lake kweli mna uongo?

Nilimaliza nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Na hapo mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu waingie, akasema kwa upole kabisa:

"Tumekusikia, Ustadhi. Lakini ukweli huu wewe haukugharimu kitu. Sisi ndio tutakaoulipia."

Waislamu wenzangu, nimesoma usul katika vyuo, nimehudhuria makongamano, na sijapata kuambiwa jambo la fiqhi lililonikaa kama hilo. Alikuwa sahihi. Mimi nilirudi nyumbani na ukweli wangu mkamilifu. Wao walirudi na ada ya pili wasiyokuwa nayo, mwaka mwingine wa kuhifadhi senti, na mtoto ambaye sasa alikuwa na uhakika wa kuachwa nyuma. Kama ukweli wangu una thamani hiyo ninayoihubiri, kwa nini mzigo wake wote uwe juu ya mtu aliyenijia kuomba msaada?

Nikakikumbuka kisa cha Salman al-Farisi (R.A.), ambacho nimekisomesha mara nyingi bila kuona kuwa ni kisa cha karatasi. Salman alikuwa mgeni wa wageni, Mfursi katika mji wa Waarabu, tena mtumwa. Alipata njia ya halali ya kutoka utumwani, kuandikiana na bwana wake, na bei ilikuwa kubwa: miche 300 ya mitende iliyopandwa ikashika, na juu yake uqiya 40 za dhahabu. Mtume (S.A.W.) hakumwambia atoroke usiku. Hakuwaambia Maswahaba washuhudie kuwa deni limeshalipwa. Wala hakumwambia Salman asubiri tu na Allah yu pamoja na wanaosubiri. Aliwaambia wamsaidie ndugu yao. Akaja huyu na miche thelathini, huyu ishirini, mwingine kumi na tano, mwingine kumi, kila mtu kwa alichonacho, mpaka ikatimia mia tatu. Salman akachimba mashimo akisaidiwa na wenzake, na Mtume (S.A.W.) akaipanda kwa mkono wake.

Sisi huku migomba tunaifahamu. Mtu akihamia, jirani humpa chipukizi la kuanzia, na hakuna anayelihesabu kuwa ni sadaka. Ni ujirani tu. Basi fahamu yangu ya kisa hiki leo ni kwamba anayekataa kumsaidia jirani yake kwa uongo amejitwisha deni la kumsaidia kwa kweli, na deni hilo lina kiasi, kinachohesabika kwa shilingi, siku za kwenda wilayani na saini. Akikataa uongo kisha akalala, hakusimama na uadilifu. Amesimama na usalama wake.

Nikalipeleka jambo kwa kamati ya msikiti, bila ya kutaja ombi la umri. Na hapa naomba nitoke kidogo nje ya mada, maana limenikera. Tuna tabia ya kuchangisha haraka kwa kitu kinachoonekana barabarani. Mnara ukipungukiwa bati, Ijumaa moja inatosha. Lakini ukisema kuna kijana wa halaiki hii hii, aliyehifadhi juzuu tano mbele ya macho yetu, anahitaji ada ya kuomba uraia ili asije akawa mgeni katika kaburi la baba yake, watu wanatazamana. Mmoja aliuliza, je, siku akikataliwa fedha zetu zitarudi? Hazirudi. Mwingine akasema mambo ya uraia ni siasa, msikiti usijiingize. Nikamuuliza kama kumpeleka jirani ofisini na kusema "namjua mtu huyu tangu ana miaka sita" ni siasa, basi ushahidi wa ndoa ni nini?

Zilipatikana fedha za kutosha robo tatu ya ada. Kilichobaki nimekopa kwenye chama chetu cha walimu, na mzee amesisitiza kuwa msimu wa kahawa atalipa, nami sikubishana naye, maana heshima ya mtu nayo ina haki yake.

Msomaji wa mjini atasema haya ni mambo ya mpakani. Sivyo. Wapo wenzetu wenye asili ya Comoro, Yemen na Somalia ambao wamezaliwa Kariakoo na Ng'ambo ya Unguja na bado wanaulizwa babu. Wapo Wazigua waliotoka Somalia, vizukuu vya watu waliochukuliwa utumwani kutoka nchi hii hii karne ya 19, waliorudi kama wakimbizi katika miaka ya 1990 wakapewa mahali Chogo, Handeni, na baadaye wakafunguliwa mlango wa uraia. Ng'ambo ya Vanga, Wapemba wa Kwale na Kilifi waliishi Kenya kwa vizazi bila kitambulisho, hawawezi hata kusajili ngalawa kwa majina yao, mpaka walipotambuliwa mwaka 2023. Na wapo watoto wetu walioko Marekani wenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Huko pia umri wa miaka 18 ni kisu. Tangu mwaka 2001 mtoto mwenye ukaazi huo anayeishi na mzazi wake huwa raia moja kwa moja mzazi anapoupata uraia, mradi hajatimiza 18. Baba anayeahirisha kila mwaka, kwa kuwa hataki kuupoteza uraia wa Tanzania, ambayo hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, anaweza kuamka siku moja akakuta amemwamulia mwanawe bila kumuuliza.

Maana nchi yetu nayo haina budi kuulizwa jambo. Kwa nini umri wa mtoto usihesabiwe kuanzia siku ambayo baba yake alianza kutambuliwa kama mkaazi? Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walijaza fomu za uraia mwaka 2008. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa, jambo ambalo hakuna nchi nyingi zimelifanya na ambalo Mtanzania anastahili kulisema kifua mbele. Lakini wengi walikaa mpaka Oktoba 2014 ndipo vyeti vikaanza kutolewa. Mtoto wa miaka 12 siku fomu ilipojazwa alikuwa mtu mzima siku cheti kilipofika. Hakuna alichokosea ila kukua. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere alipowafungulia uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, ambao baadhi yao walikuwa wameishi hapa kwetu Karagwe tangu miaka ya 1960, aliwatazama kama jamii iliyokwisha kuota mizizi. Jicho hilo likirudi katika sheria, akina baba wengi hawatakuwa na haja ya kubisha hodi usiku kwa mwalimu wa madrasa. Na Waziri akitakiwa kuandika sababu, hata mstari mmoja, aliyekataliwa atajua arekebishe nini.

Nisisahau jambo moja ambalo mzee aliniuliza siku tulipokuwa tunapitia fomu pamoja. Alifika mahali panapotaka aukane uraia wake wa zamani, akasita. Neno "kukana" lilimtisha. Akauliza kama ni kumkana baba yake. Nikamwambia hapana. Nasaba haiko mikononi mwa Waziri wala mwake, Allah (S.W.) ametufanya mataifa na makabila ili tujuane (49:13), na ametuamrisha tuwaite watu kwa baba zao (33:5). Mtume (S.A.W.) aliihama Makka, akaishi na kufa mtu wa Madina, na hakuacha kuipenda Makka wala kuunga jamaa zake. Anachokikana ni utii wa dola moja ili achukue wa nyingine, na udugu wa Ankole utabaki pale pale. Alitia saini. Mkono ulitetemeka kidogo, lakini ni mtu wa jembe, kalamu hajaizoea.

Faili la baba na wadogo wanne limekwenda. Mama atasubiri lake mpaka mumewe akubaliwe. La kijana limekwenda peke yake wiki sita baadaye, likiwa na tarehe yake ya kweli, nakala ya ukurasa wa daftari, barua yangu, na saini za wazee wawili ambao mmoja wao ndiye aliyekuwa ameuliza kama fedha zitarudi. Kwenye nafasi ya mchango wake kwa nchi kijana aliandika kuwa anasomesha watoto alif-be-te jioni na anauza kahawa ya baba yake mnadani. Nilimwambia aongeze kuwa amemaliza kidato cha nne, akasema hilo wataliona kwenye cheti. Majibu bado, na tangazo lake halijatoka gazetini. Likitoka, mnaonisoma mjini mtaliona chini ya ukurasa kwa herufi zile ndogo, na humo mtaulizwa kama mnajua sababu yoyote.